Dole la Fundi Timazi

Wasomaji wangu, mara ya mwisho mliniacha mlangoni nimeshika barua ya kampuni ya mikopo. Kwa aliyechelewa kuingia, nitampa kwa ufupi, maana habari yenyewe si ya kurudiwa mara mbili.

Mimi ni dobi. Mume wangu ni fundi mwashi, na mtaa mzima humwita Fundi Timazi kwa sababu kuta zake hazijapata kupinda, na maneno yake vilevile. Miaka miwili iliyopita alikopa tukanunua mashine ya kuchanganya zege. Nyumba yetu ya vyumba viwili tukaiweka rehani. Kwenye mkopo huo tulikatwa pesa ya bima kabla hata hatujaushika. Tuliambiwa fundi akianguka, bima italimaliza deni.

Fundi akaanguka. Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na nusu ya maneno yake. Bima haikutoa hata senti. Walisema alikuwa na presha siku nyingi na akaificha.

Tukalalamika kwamba bima ile tuliuziwa kwa hila. Jibu la kampuni ndilo hilo nililokuwa nimelishika pale mlangoni: "Mkopaji aliweka dole gumba lake kwa hiari yake, akithibitisha kwamba hana maradhi yoyote. Malalamiko yenu yamekataliwa. Mna siku ishirini na moja za kupinga jibu hili mbele ya msuluhishi. Baada ya hapo nyumba itapigwa mnada."

Binti yangu alininyang'anya ile barua. Ni mwalimu wa shule ya msingi, hasomi kitu bila kutafuta kosa. Akaisoma, akaigeuza, akatoa nakala ya fomu ya bima iliyobanwa nyuma yake.

"Mama, njoo hapa penye mwanga."

"Naona kutoka hapa hapa."

"Huoni. Njoo. Angalia hili dole. Lina mistari."

"Sasa dole ulitaka liwe na nini?"

"Mama. Dole la Baba lina mistari?"

Nikasogea penye mwanga. Hakuna asiyejua kwamba mume wangu hana alama za vidole. Saruji imezila zote. Miaka thelathini ya tofali na zege imemwachia vidole laini kama sabuni iliyotumika. Siku alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilimkataa vidole vyote kumi, tukarudi nyumbani na simu isiyo na laini. Yeye akacheka njia nzima. Alisema sasa anaweza kuiba benki akarudi kazini mchana huo huo.

"Wameghushi!" Binti yangu alikuwa anaruka. "Baba! Wameghushi dole lako!"

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mdomo wake ukavutika upande mmoja, ule mzima. Tangu atoke hospitali sikuwa nimemwona akicheka.

"Ni... liwa... ambia," akasema. "Si... kuweka."

Na ni kweli hakuweka.

Wasomaji wangu, hapa naomba mkae vizuri. Wiki zote hizi nimewasimulia mambo yangu huku kuna moja nimelikalia. Mmeniandikia kunipa moyo. Mmoja ameniita mama shujaa. Mwingine amesema ananiombea mimi na mume wangu kila asubuhi. Barua yake niliisoma nimesimama penye meza ya pasi, nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Dole lile ni langu.

Ilikuwa hivi. Siku ya kutia saini, afisa mikopo alitufuata nyumbani. Ni msichana mchangamfu, huchomeka kalamu kwenye nywele, sisi tukampachika jina la Dada Kalamu. Kampuni yake haikubali saini ya mkopaji. Inataka dole, ati saini hughushiwa. Mke anatia saini tu kwamba ameridhia.

Fundi akaweka dole kwenye mkataba. Likatoka bonge la wino jeusi. Akaweka tena, bonge jingine. Dada Kalamu akacheka, akaandika pembeni kwamba dole la mteja halisomeki, jirani akashuhudia. Hapo hapakuwa na tatizo.

Kisha akatoa karatasi nyingine. Bima.

"Hiyo sitaki," mume wangu akasema. Wakati ule maneno yake yalikuwa mazima. "Nimekopa mashine, sijakopa kufa." Akainuka, akaenda zake bombani uani kuosha wino.

Dada Kalamu akanisogelea.

"Mama, bila hii mkopo hautoki."

"Mbona hukumwambia hivyo?"

"Atakasirika, na mimi leo nafunga mahesabu ya mwezi. Kwani kuna ubaya? Akianguka, deni linakufa. Nyumba inabaki yako. Mzee anaumwa chochote?"

"Presha tu. Anakunywa vidonge, vile pale juu ya kabati."

Akaviangalia vile vidonge. Aliviona kwa macho yake mawili.

"Presha siyo ugonjwa, mama. Nani hana presha siku hizi?" Akatia alama kwenye "hapana" mstari hadi mstari, mpaka chini. Kisha akanisogezea pedi ya wino. "Weka lako. Dole ni dole. Hili linataka lisomeke tu, lile bonge la mzee watalirudisha."

Huko bombani maji yalikuwa yakimwagika. Nilimfikiria mume wangu akipanda ngazi na ndoo ya zege begani, na presha yake, akishuka, akipanda tena. Nilimtakia ile mashine kuliko alivyoitaka mwenyewe. Nikaweka.

Aliporudi akijifuta mikono, nilikuwa nimekwisha kulifuta dole langu kwenye upande wa ndani wa kanga.

Sasa binti yangu anaruka na mume wangu anacheka. Nani angefungua kinywa wakati ule? Nikajiambia nitasema jioni. Jioni ikapita. Binti akaandika pingamizi kurasa tatu kwa mwandiko wake wa ubaoni, akampelekea msuluhishi, na mimi nikampa nauli.

Siku tatu kabla ya kikao, Dada Kalamu alikuja kwenye kibanda changu cha kufulia. Kalamu haikuwamo kichwani. Alisimama kati ya mashati yaliyotundikwa, kana kwamba amekuja kuchukua nguo.

"Nimesimamishwa kazi, mama. Tangu pingamizi lenu lilipofika."

Mimi nikaendelea kupiga pasi.

"Wanasema mimi ndiye niliyeghushi."

"Na wewe umewaambia nini?"

"Nimewaambia sijui." Akashusha sauti. "Nikisema uliliweka wewe, wataniuliza nani alikusogezea wino. Ukisema nilikusogezea, watakuuliza nani alibonyeza. Mimi nina mtoto ananyonya. Tunyamaze wote wawili."

"Na wakitaka kujua ni la nani?"

"Waulize mpaka wachoke."

Nilisikia harufu. Kola ya shati la mteja ilikuwa imeungua, imebaki alama ya pasi ya rangi ya chai. Miaka thelathini ya kazi sikuwa nimeunguza kola ya mtu, isipokuwa mara moja nilipounguza dole langu mwenyewe.

Hilo nalo lazima niwaambie. Dobi anayenyoosha kola hushika pasi kwa mkono wa kulia, na dole la kushoto linaitangulia ncha, linavuta kitambaa. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu dole lilichelewa kutoka. Pasi ikanipitia katikati. Mume wangu alirarua shati lake la kazini akanifunga, akawa ananibadilishia kitambaa kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye ujenzi, wiki mbili nzima. Kovu likabaki, limekata dole kutoka upande hadi upande.

Asubuhi ya kikao nikatafuta kitambaa nikalifunga dole hilo. Nikafunga vizuri, mizunguko minne.

"Umefanya nini tena?" binti akauliza.

"Nimeungua jana."

"Pole, Mama. Akili zako zote ziko kwenye hii kesi."

Mume wangu akakiangalia kile kitambaa. "Po... le," akasema, akanyoosha mkono wake mzima akanigusa bega.

Ofisi ya msuluhishi iko ghorofa ya pili na lifti ilikuwa imekufa. Tulimpandisha ngazi moja moja, mimi kulia na binti kushoto, mguu wake mbaya ukigonga kila kidato. Mtu aliyejenga ghorofa za wenzake akapanda hii kwa muda ambao zamani angemaliza nao ukuta. Kwenye kona ya ngazi akasimama, akakagua plasta.

"I... mepinda," akasema. Binti akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

Msuluhishi ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, maneno yake machache. Upande wa kampuni alikaa wakili mwenye tai nyembamba, na nyuma yake Dada Kalamu, macho chini. Mezani palikuwa na pedi ya wino, karatasi nyeupe, lenzi ya kukuzia na picha ya lile dole iliyokuzwa mpaka ikawa kubwa kama sahani ya kulia. Mistari yote ilionekana. Na katikati ulipita mstari mmoja mweupe, toka upande hadi upande.

"Karatasi ilikunjwa hapo," binti akaninong'oneza.

"Eeh," nikasema.

Msuluhishi akavaa miwani. "Nina jambo moja la kuamua, nalo ni dole hili. Kama liliwekwa na mtu wa kampuni, bima iliuzwa kwa udanganyifu na kampuni itabeba deni lote lililobaki. Kama liliwekwa na mkopaji au mtu wake, jibu la kampuni litasimama kama lilivyo, na nyumba itauzwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," wakili akasema, "na sisi tunaongeza kwamba kama ni mtu wake, basi hilo ni la polisi."

"Mzee, uliliweka dole hapa?"

"Si... kuweka."

"Nipe la kushoto, ndilo fomu inalolitaka."

Akalibonyeza kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi. Bonge. Akamfuta, akarudia. Bonge. Msuluhishi akalitazama kwa lenzi, akaitazama picha, akaondoa miwani.

"Hili siyo dole la huyu mzee. Hilo limekwisha."

Binti yangu akanibana paja chini ya meza mpaka nikaumia. Machozi yalikuwa yakimtoka. Mume wangu akainua kidevu kama siku alipomkabidhi tajiri mmoja nyumba ya ghorofa. Na mimi, nawaambieni ukweli, dakika ile nilifurahi. Nilisahau kabisa nani aliyekuwa amelala kwenye ile picha.

Wakili hakushtuka hata kidogo. "Tumekubali. Basi ni la nani?"

"La afisa wenu!" binti akasema.

"Mwalimu, subiri," msuluhishi akasema. "Afisa, njoo."

Dada Kalamu akasogea. Alipokuwa anainama juu ya wino aliniangalia mara moja, na mimi nikaangalia dirisha. Dole lake likatoka safi, mistari ya mviringo. Msuluhishi akakaa na lenzi muda mrefu.

"Halifanani."

Binti yangu akaliachia paja langu.

"Siku ile," wakili akasema taratibu, "chumbani mlikuwa wangapi?"

"Jirani alikuwepo," binti akadakia.

"Jirani alishuhudia mkataba akaondoka, muda umeandikwa hapa. Namuuliza afisa wetu. Chumbani alibaki nani?"

Dada Kalamu akajibu bila kuinua macho. "Sikumbuki."

"Hukumbuki au hutaki?"

"Sikumbuki."

Msuluhishi akageuza kichwa. Akaniangalia usoni, kisha akashuka mpaka kwenye mikono yangu juu ya mapaja. Nilikuwa nimeificha ya kushoto chini ya ya kulia.

"Mama, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Samahani, ni utaratibu tu. Nitahitaji dole lako na wewe. Lakini naona umejifunga."

"Nimeungua na pasi. Mimi ni dobi."

"Pole. Basi tusikutoneshe. Utakuja wiki ijayo likishapoa." Akaanza kufunga faili.

Wiki moja! Kwa wiki moja dobi anaweza kuliunguza dole likawa halijulikani hata na mama aliyelizaa. Wazo hilo lilinijia lenyewe, sikulitafuta. Nikasimama. "Asante, mama."

"Ha... pana."

Alikuwa mume wangu.

"Le... o," akasema. Jasho lilikuwa likimtoka kwa kuyasukuma maneno. "Mke wangu... ha... na... kificho. Leo... a... weke. Yaishe."

"Baba, ana kidonda," binti akasema.

"Mimi... na... mjua." Akamwangalia wakili kwa dharau, macho ya fundi anayemwangalia mtu aliyeiba saruji. "Miaka... thelathini."

Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akanishika wangu. Nilivuta. Alidhani naogopa maumivu, akanipigapiga juu ya kiganja, kidogo, kwa upole. Kisha akaanza kukifungua kile kitambaa. Kwa mkono mmoja tu. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Ndivyo alivyokuwa akinifungua zamani kila asubuhi, polepole, ili kisishikane na ngozi.

"Acha," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Fundi, acha. Nakuomba."

"Si... ta... kuumiza."

Mzunguko wa tatu. Wa nne. Kitambaa kikaanguka mapajani.

Hapakuwa na kidonda. Kulikuwa na dole langu, kavu, zima, na lile kovu aliloliponya yeye mwenyewe.

Alibaki ameinamisha kichwa. Kwanza alidhani ameshika dole lisilo lenyewe, akatazama la pili, akalirudia. Kidole chake laini kikapita juu ya kovu, toka upande hadi upande. Akainua macho mpaka kwenye ile picha mezani. Akautazama mstari mweupe. Akarudi kwenye dole.

Niliuona uso wake ukielewa. Upande mzima ulielewa, na ule uliokufa ukabaki vilevile kama hakuna lililotokea.

Msuluhishi alikuwa anaandika. Wakili alikuwa anapekua faili. Binti yangu alikuwa anajifuta machozi. Hakuna aliyekuwa ameona, ila Dada Kalamu aliyekuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Mume wangu akalifumbata dole langu ndani ya ngumi yake.

"Vipi mzee, aweke?" msuluhishi akauliza bila kuinua kichwa.

Akavuta pumzi. Nikajua kinachokuja. Mtu huyu aliwahi kubomoa ukuta wake mwenyewe, ukuta wa siku tatu, kwa sababu ulipinda upana wa ukucha na mwenye nyumba hakuwa amejua. Nikafumba macho.

"Ki... donda," akasema. "Ki... bichi. Ha... wezi."

Nikafumbua. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaitazama sakafu.

Wakili akaacha kupekua. Akamwangalia mume wangu, akakiangalia kitambaa mapajani mwangu, cheupe, hakina hata tone la damu. Akasimama, akaanza kuizunguka meza.

"Mheshimiwa, tungeomba tukione hicho kidonda."

Ngumi ya mume wangu ikakaza. Kiharusi hakikuwa kimepunguza chochote upande ule. Mifupa ya dole langu iliuma, na sikutaka aliachie, na nilitaka aliachie, na bado hakuwa amenitazama.

Binti yangu akainama kati yetu. Uso wake ulikuwa umeng'aa kwa machozi, na tayari alikuwa ameshika kona ya pedi ya wino.

"Baba, mwachie," akasema. "Mama, mwonyeshe tu, tuwaaibishe hawa watu twende nyumbani."